Historia ya Tanzania: ukiwa Dodoma, uanze na kitabu gani?

Swali la kitabu cha kuanzia huulizwa na watu wa namna nyingi hapa Dodoma. Yupo mtumishi aliyehamia na wizara yake, amepanga Kisasa au Ilazo, na sasa anataka kuijua nchi anayoishi. Yupo mzaliwa wa Mvumi au Bahi anayetaka kujua ukoo wao ulitoka wapi kabla ya reli. Yupo mwanafunzi wa chuo, na yupo mstaafu ambaye hatimaye amepata muda. Wote hupewa jina la kitabu kilekile, kwa kawaida kile kinene kuliko vyote. Miezi miwili baadaye alama ya kusomea bado iko ukurasa wa 37.

Hapa tunalinganisha njia nne: kitabu cha Mathias Mnyampala juu ya Wagogo, historia fupi ya taifa iliyotoka 2017, historia kubwa ya Tanganyika ya John Iliffe, na wasifu wa viongozi. Hakuna kinachoshinda vingine kwa kila mtu. Vinajibu maswali tofauti, na msomaji akikosea huwa hajachagua kitabu kibaya, ila amechagua kisichojibu swali lake.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni lugha. Vitabu vingi vya historia yetu vilivyofanyiwa utafiti mzito viko kwa Kiingereza, na Kiingereza cha kitaaluma si kile cha barua za ofisini.

Cha pili ni muda. Usiukisie, upime. Soma kurasa kumi za kitabu chenyewe huku saa iko mezani. Zikichukua dakika 40, kitabu cha kurasa 600 kitakula saa 40. Ukisoma nusu saa kila usiku, hizo ni siku 80, bila kuhesabu usiku ambao umeme umekatika au wageni wamekuja.

Cha tatu ni ushahidi: mwandishi amejuaje anayoyasema? Amesikia kwa wazee, amesoma majalada ya serikali, au anakumbuka mwenyewe? Kila chanzo kina ugonjwa wake.

Cha nne ni nafasi ya Dodoma ndani ya kitabu, na hapa kuna kipimo kimoja kinachosaidia sana: Mtunya. Hilo ndilo jina la Kigogo la njaa kubwa ya 1917 hadi 1920. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Mjerumani, kisha ya Mwingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo kutoka nchi ambayo hata mwaka mzuri mvua yake ni ya kubahatisha. Ukame ulipokuja, ghalani hamkuwa na kitu. Mwanahistoria Gregory Maddox, katika makala yake ya 1990, anataja vifo 30,000 katika watu 150,000 wa eneo hili. Ni mtu mmoja katika kila watano.

Kwa hiyo ukishika kitabu chochote cha historia ya Tanzania, nenda kwanza kwenye faharasa nyuma. Tafuta Mtunya, Ugogo, Dodoma, njaa. Kama hakina faharasa, na vitabu vya zamani vya Kiswahili mara nyingi havina, pitia yaliyomo uone sura inayogusa vita ya 1914 hadi 1918. Kisha soma sababu anayoitoa mwandishi. Akisema mvua tu, ameacha nusu ya habari. Akisema vita tu, ameacha nusu nyingine. Kitabu kisichoitaja kabisa si lazima kiwe kibaya, ila umejua kimesimama umbali gani na mahali ulipo.

Cha tano ni upatikanaji, pamoja na gharama ya kukifikisha kitabu mkononi.

Mnyampala: Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika (1954)

Mathias Mnyampala alizaliwa 1917 upande wa Ihumwa, mashariki ya mji, akafariki 1969. Wengi wanamjua kwa mashairi na ngonjera, na wengine hushangaa kusikia kwamba aliandika historia.

*Lugha na muda.* Ni Kiswahili cha katikati ya karne iliyopita, kilichoandikwa na mshairi. Kinasomeka haraka, ingawa maneno ya Kigogo ya koo, vyeo na mahali yatakusimamisha. Ukiwa na mzee wa Kigogo karibu, mpelekee orodha ya maneno kumi kumi. Usimrukie na orodha ya sitini, atachoka nawe utachoka.

*Ushahidi.* Ni masimulizi ya wazee na ujuzi wa mtu aliyezaliwa ndani ya jambo analolieleza. Nguvu yake na udhaifu wake vinatoka hapohapo. Kwa mambo ya kabla ya ukoloni usitegemee miaka kamili, kwa sababu masimulizi ya koo hupima wakati kwa vizazi, njaa na vita. Atakayetaka kuyageuza kuwa tarehe atajidanganya.

Uangalie pia mwaka wa kuchapishwa. Mwaka 1954 ndio TANU ilipozaliwa, lakini kitabu kilitolewa na East African Literature Bureau, shirika la vitabu la serikali za kikoloni za Afrika Mashariki. Nchi ilikuwa bado ikiendeshwa kupitia watemi na mabaraza yao. Katika hali hiyo, kuandika kwamba ukoo fulani ndio wenye nchi fulani hakukuwa hadithi ya jioni tu, maana jambo hilo lingeweza kusikika hadi ofisini. Soma kila dai la utawala ukijiuliza lilimfaa nani mwaka ule.

*Dodoma imo wapi.* Imejaa kitabu kizima. Watu wa pwani na wa ziwa ndio wageni humu, na kwa msomaji aliyezoea historia inayoanzia Kilwa au Bagamoyo hilo peke yake ni darasa.

*Kinapokwama.* Ni historia ya Wagogo. Warangi wa Kondoa, Wasandawe na Wakaguru hawapati haki yao humu, na mtu anayesema anataka historia ya mkoa wa Dodoma atakuwa amepata kipande chake tu. Madukani hukioni kirahisi, utakitafuta kwenye maktaba za vyuo na rafu za watu binafsi. Ipo tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa 1995 na huyohuyo Maddox wa makala ya Mtunya, yenye utangulizi wake. Hata ukiwa na nakala ya Kiswahili, utangulizi huo utafute.

*Kinamfaa nani.* Mzaliwa wa hapa anayetafuta asili ya koo. Mwalimu anayetaka mifano ya karibu. Mgeni aliyekaa Dodoma miaka mitano na bado anadhani historia ya mji ilianza na makao makuu.

Kimambo, Maddox na Nyanto: A New History of Tanzania (2017)

Kitabu hiki kina baba yake. Mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu walihariri *A History of Tanzania*, kazi iliyotaka kuonyesha kwamba Waafrika wa nchi hii walikuwa watendaji wa historia yao, hawakukaa tu kusubiri kutendewa. Karibu miaka hamsini baadaye Kimambo, akiwa na Gregory Maddox na Salvatory Nyanto, alitoa historia mpya kupitia Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam.

*Lugha na muda.* Kiingereza kilichonyooka. Aliyemaliza kidato cha sita atakimudu, na ni kitabu cha wiki chache.

*Ushahidi.* Ni mkusanyiko wa tafiti za watu wengi, zikiwemo za waandishi wenyewe. Faida yake ni kwamba umepata matokeo ya miaka mingi ya ubishi wa wanahistoria bila kuupitia ubishi wenyewe. Hasara yake ni hiyohiyo: huoni vizuri pale ambapo wataalamu bado hawajakubaliana.

*Dodoma imo wapi.* Ndani ya mkondo wa taifa. Kitabu kimoja kinachotoka jamii za kale hadi baada ya uhuru hakiwezi kukaa muda mrefu Ugogo, kama ambavyo hakikai muda mrefu Ukerewe. Fanya kipimo cha faharasa uone umbali.

*Kinapokwama.* Kasi. Ukurasa mmoja unaweza kubeba miaka ishirini, na msomaji anayependa watu na visa atahisi amepanda treni isiyosimama vituoni. Dawa yake ni kukitumia kama ramani: soma sura, chagua jambo moja lililokugusa, kalitafute kwenye kitabu kingine, kisha urudi.

*Kinamfaa nani.* Aliyeiacha historia kidato cha nne na sasa anataka kuipanga upya kichwani. Kinamfaa pia mtu atakayesoma kitabu kimoja tu maishani juu ya jambo hili, na watu hao ni wengi, wala si dhambi.

Iliffe: A Modern History of Tanganyika (1979)

Hiki ndicho kile kinene. Kurasa zake zinapita 600, kimechapwa na Cambridge University Press, na mpaka leo mtafiti wa historia ya Tanganyika hawezi kukipita kimyakimya, hata anayekusudia kukipinga.

*Lugha na muda.* Kiingereza kizito kwa sababu ya wingi wa mambo, si kwa maneno ya kujionyesha. Sentensi moja inaweza kuwa na majina manne ya mahali na takwimu mbili. Weka ramani karibu na ukubali kwamba hutakimaliza mwezi huu. Habari njema ni kwamba sura zake zinaweza kusomwa mojamoja.

*Ushahidi.* Majalada ya Wajerumani na Waingereza, kumbukumbu za misheni, tasnifu, na masimulizi yaliyokusanywa na wengine. Tanbihi zake ni hazina. Mtu anayetaka kuchimba jambo la Dodoma hufuata tanbihi moja hadi nyingine na kufika kwenye vyanzo ambavyo asingevijua kwa njia yoyote.

*Dodoma imo wapi.* Imetawanyika, lakini pale inapotokea inatokea kwa uzito. Njia fupi kwa msomaji wa huku ni sura tatu. Anza na ile ya karne ya 19, ambamo misafara ya Wanyamwezi na watu wa pwani ilipita Ugogo, nchi kame ambako mwenye kisima ndiye mwenye neno, na watemi wakatoza hongo kwa kila aliyetaka maji, chakula na njia. (Ndiyo, neno ni hilihili, na wakati ule lilikuwa ushuru wa wazi.) Kisha nenda kwenye sura ya vita ya 1914 hadi 1918, uipime kwa Mtunya. Mwisho soma sura iitwayo *The Creation of Tribes*, yaani kuundwa kwa makabila.

Sura hiyo ya tatu ndiyo inayowagombanisha wasomaji, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Hoja ya Iliffe, kwa ufupi, ni kwamba Waingereza walidhani kila Mtanganyika ana kabila lake lenye mipaka, sheria na mkuu. Katika miaka ya 1920, chini ya Gavana Donald Cameron, wakaijenga serikali juu ya dhana hiyo, kwa sheria ya 1926 ya mamlaka za wenyeji. Watanganyika nao wakaona kwamba mwenye kabila ndiye mwenye kusikilizwa, wakayajenga makabila kwa mikono yao, kwa sababu zao.

Anayetoka kumsoma Mnyampala huikuta hoja hiyo akakasirika: yaani Wagogo hawakuwepo? Hapana, hajasema hivyo. Rudi kwa Mnyampala mwenyewe uangalie koo anazozieleza. Nyingine zinataja asili ya Uhehe, nyingine Unyamwezi, nyingine Ukaguru. Wagogo ni watu waliokusanyika kwenye nchi moja ngumu na kuifanya yao, huku kila ukoo ukikumbuka njia yake. Mnyampala anaandika akiwa ndani ya jina lililokwisha kukaa, Iliffe anauliza jina lilikaaje. Mmoja bila mwingine anaacha pengo. Ukiweza kupata sura hiyo moja ya Iliffe na kurasa za koo za Mnyampala ukazisoma wiki moja, utakuwa umepata somo ambalo hakuna hata kimoja kati yao kinachoweza kulitoa peke yake.

*Kinapokwama.* Kinaishia 1961. Ujamaa, vijiji, Muungano na uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma havimo. Zanzibar nayo iko nje, na jina la kitabu limekuambia mapema. Zaidi ya hapo, kimeandikwa 1979, na yapo mambo ambayo tafiti za baadaye zimeyaongezea au kuyarekebisha. Nakala mpya huagizwa nje na bei yake ni ya kigeni, hivyo maktaba ya chuo ndiyo njia ya wengi.

*Kinamfaa nani.* Mwanafunzi wa shahada, mwalimu wa kidato cha tano na sita, mwandishi wa habari anayetaka chanzo, na msomaji mkaidi anayetaka kujua kwa nini, si nini tu. Kisiwe kitabu cha kwanza cha mtu aliyekaa miaka kumi bila kusoma kitabu chochote.

Wasifu: Mzee Rukhsa (2021) na Development as Rebellion (2020)

Viwili hivi ni ndugu kwa jina tu. *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu* ni maisha ya Ali Hassan Mwinyi, rais wa 1985 hadi 1995, kwa kauli yake mwenyewe na kwa Kiswahili. *Development as Rebellion* ni wasifu wa Mwalimu Nyerere kwa Kiingereza, ulioandikwa na wasomi watatu: Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji. Kila mmoja alibeba juzuu yake. Vyote vimetolewa na Mkuki na Nyota.

*Lugha na muda.* Cha Mwinyi ndicho chepesi kuliko vyote kwenye ulinganisho huu. Kiswahili cha mzee wa Mkuranga aliyekulia Zanzibar ni raha yenyewe, na mtu anaweza kukisoma kwa sauti mbele ya familia. Juzuu tatu za Nyerere zinapita kurasa 1,000. Kwa kasi ile ya kurasa kumi kwa dakika 40, nusu saa kwa usiku, hesabu miezi minne na zaidi. Safari ya treni ya mwendokasi kwenda Dar inaweza kukupa kurasa hamsini ikiwa jirani yako hana maongezi mengi.

*Ushahidi.* Hapa ndipo vinapoachana. Mtu anayejieleza mwenyewe anajua mambo ambayo hakuna jalada linaloyajua, lakini anachagua, anasahau na anajitetea, hata asipokusudia. Anapofika mahali pagumu, kama Mwinyi alivyojiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa makosa ya walio chini yake Shinyanga, sikiliza kwa makini anachokisema na anachokiruka. Wasomi watatu wa Nyerere walitumia nyaraka na mahojiano, nao wanamkosoa mtu wao. Lakini wana msimamo wao wa kisiasa, na Shivji hajawahi kuuficha.

*Dodoma imo wapi.* Kwa Nyerere, tafuta mambo mawili: kuhamishiwa watu vijijini, ambako mkoa huu ulikuwa wa mwanzomwanzo kwa Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, na uamuzi wa makao makuu. Juzuu ya tatu, ya Shivji, ndiyo inayoshika miaka ya madaraka na ujamaa. Wasiokuwa na muda wa seti nzima waanzie hapo, ingawa wataalamu wa mpangilio watanung'unika. Kwa Mwinyi utapata zaidi nchi ya ruksa: maduka yaliyojaa tena baada ya uhaba, na Azimio la Zanzibar la 1991 lililolegeza masharti ya uongozi ya Arusha.

*Vinapokwama.* Wasifu hufanya nchi ionekane kama kivuli cha mtu mmoja. Mkulima wa uwele wa Chamwino aliyehamishwa na nyumba yake ikabaki nyuma hutokea kama idadi. Ukisoma wasifu peke yake kwa mwaka mzima utaanza kuamini kwamba kila kitu kiliamuliwa Ikulu. Kipimo cha Mtunya hakifai sana hapa, kwa kuwa Nyerere alizaliwa 1922 na Mwinyi 1925. Badala yake, tafuta njaa na uhaba wa 1973 na 1974 uone mwandishi anautwisha nani mzigo: mbingu, bei za dunia, au kasi ya vijiji.

*Vinamfaa nani.* Mwinyi anamfaa anayerudi kusoma baada ya muda mrefu, na mzazi anayetaka kitabu cha kusomeka nyumbani. Nyerere wa juzuu tatu anamfaa mtu mwenye subira, au kundi linaloweza kugawana juzuu.

Vya pembeni

Vitabu vya shule vya Taasisi ya Elimu Tanzania vya somo la Historia ya Tanzania na Maadili, vilivyoandikwa kwa Kiswahili, si vya kudharau kama ngazi ya kuanzia, na maktaba mtandao ya taasisi hiyo inakuruhusu kuvisoma. Upungufu wao unajulikana: vimeandikwa kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo majibu yamekuja kabla ya maswali.

Na kwa usomaji wa mambo ya sasa, mkazi wa Dodoma ana kitu anachokisahau kwa sababu kiko jirani mno: Hansard, taarifa rasmi ya majadiliano ya Bunge, kwa Kiswahili, inayopatikana kwenye tovuti ya Bunge. Ni ndefu na ina maneno mengi ya heshima kabla ya hoja. Chukua kikao kimoja, nenda kwenye maswali na majibu, tafuta jina la wilaya yako. Gazeti la siku ileile liwekwe pembeni. Tofauti kati ya kilichosemwa na kilichoandikwa gazetini ni mazoezi mazuri ya kusoma chanzo chochote cha historia.

Kabla hujalipa

Ukinunua mkononi au kwenye meza ya vitabu vya mitumba, kitabu kichunguze. Fungua ukurasa wa hakimiliki uone mwaka na mchapishaji. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa katikati ya kitabu, maana kurasa 16 au 32 hukosekana kwa mkupuo, au zimefungwa kichwa chini. Tazama ramani na picha: zikiwa weusi mtupu, hiyo ni fotokopi iliyovalishwa jalada. Kudurufu kitabu kizima na kukiuza kunavunja Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na zaidi ya hapo, tarakimu za kwenye majedwali hazisomeki, nawe utanukuu 3 palipoandikwa 8.

Vitabu vya gundi havipendi joto la Dodoma. Ukikiacha kwenye dashibodi mchana wa Oktoba, gundi inakauka na kurasa zinaanza kutoka. Kivalishe gamba la karatasi ya kaki, kwa sababu vumbi la huku hung'ang'ania jalada lenye kung'aa.

Kwa vitabu vya wachapishaji wa Dar, pigia duka kwanza uulize kama kipo, kisha kitumwe kwa basi. Mkiagiza watatu au wanne mzigo unakuwa mmoja. Maktaba ya mkoa na za vyuo zina masharti yao ya uanachama na kuazima, kwa hiyo uliza dirishani mapema. Mara nyingi asiye mwanachuo anaweza kupewa nafasi ya kusomea ndani hata kama haruhusiwi kuondoka na kitabu.

Nunua daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na usomaji wa historia ni mali ya namna hiyohiyo. Andika namba ya sura kila unaponakili jambo, si ukurasa peke yake, kwa sababu matoleo hutofautiana kurasa na mwenzako mwenye nakala nyingine hatapaona.

Kwa hali yako

Una nusu saa kwa siku, Kiingereza kinakuchosha, na hujasoma kitabu muda mrefu: anza na *Mzee Rukhsa*, kisha Mnyampala ukimpata.

Umehamia Dodoma kikazi na unataka kuielewa nchi iliyo chini ya jengo lako la ofisi: Mnyampala kwanza, sura ya Iliffe ya karne ya 19 baadaye, kisha juzuu ya tatu ya Nyerere kwa habari za vijiji na makao makuu.

Unataka picha nzima ya taifa kwa kitabu kimoja: historia ya 2017. Usiache kufanya kipimo cha faharasa, hasa kwa wilaya unayotoka.

Unasoma shahada au unafundisha kidato cha tano: Iliffe, hata kama ni kwa sura. Ile ya makabila isome sambamba na Mnyampala, mpe mwanafunzi vyote viwili bila kumwambia mapema nani yuko sahihi.

Unatoka Kondoa, Chemba au Mpwapwa na umechoka kuambiwa kwamba Dodoma ni Wagogo tu: kati ya vitabu hivi hakuna kilichoandikwa kwa ajili yako. Tumia tanbihi za Iliffe kama mlango, na anza kuwarekodi wazee wa kwenu kwa simu, ukiandika jina la kijiji, tarehe na nani alikuwepo.

Mko watu watano au sita mnaotaka kusoma pamoja: chukueni juzuu tatu za Nyerere mkigawana wawili wawili, sura moja kwa wiki mbili, na kila jozi ije na maswali mawili na ukurasa mmoja iliousoma mara mbili. Kundi likianza kupokea muhtasari wa WhatsApp badala ya kusoma, punguzeni sura iwe nusu. Kundi likibaki na watu watatu, badilisheni kitabu kabla hamjabaki wawili.